Mgeni mkazi wa miaka 71 Dodoma: achanjwe nini, na aanzie wapi?

*"Mimi ni mzee wa miaka 71, raia wa Ujerumani. Naishi nje kidogo ya mji wa Dodoma, upande wa Hombolo, tangu 2005. Mke wangu ni Mgogo. Tuna shamba la zabibu, mbuzi, na mbwa wawili. Nina presha na baridi yabisi. Natumia methotreksati kila Jumapili, na prednisoloni miligramu 5 kila siku. Mwezi wa sita tunakwenda Kampala kwenye harusi. Cheti changu cha homa ya manjano kimeandikwa mwisho 2015, na rafiki ananisukuma nichomwe tena. Nilipokwenda kituo cha afya kuulizia hiyo na chanjo nyingine za wazee, dirishani niliambiwa chanjo ni za watoto na wajawazito. Mke wangu anasema nimekaa hapa miaka mingi, mwili umeshazoea. Jirani anasema sindano kwa mtu wa presha inaleta kiharusi. Mwanangu aliyeko Ujerumani anasema nisichomwe chochote hapa kwa sababu umeme unakatika na friji zinapata joto. Nisubiri likizo ya mwakani. Na mimi mwenyewe naona aibu kuchukua dawa ya mtoto wa Kitanzania. Nifanye nini?"*

Shikamoo mzee wangu, na msalimie sana mama hapo nyumbani. Kila aliyekushauri anakupenda, hilo linaonekana, lakini wamekuvuta kila mmoja upande wake na umebaki umesimama katikati. Naanza na lenye haraka, maana mwezi wa sita hauko mbali: usichomwe tena chanjo ya homa ya manjano. Huihitaji, na kwa umri wako na dawa unazotumia inaweza kukudhuru.

Cheti chako hakijaisha. Zamani kilihesabiwa miaka kumi tu, ndiyo maana aliyekuchoma 2005 aliandika mwisho ni 2015. Baadaye Kanuni za Afya za Kimataifa zilibadilishwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinadumu maisha yote ya mwenye nacho. Badiliko hilo linahusu pia vyeti vilivyotolewa kabla ya tarehe hiyo, hata vile vilivyoandikwa mwaka wa mwisho. Huna haja ya kipya. Wala usimruhusu mtu aikate ile 2015 kwa kalamu na kuandika nyingine juu yake, kwa sababu cheti kilichofutwafutwa kinaweza kukataliwa.

Uganda inadai cheti hicho kwa kila anayeingia, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Na ukirudi utaulizwa tena upande wetu, kwa kuwa Uganda ni nchi yenye ugonjwa huo na Tanzania humdai cheti anayetoka huko. Mama naye atakihitaji, tena kama hajawahi kuchanjwa aende mapema, maana cheti kipya huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Lako wewe ni kukikagua tu: jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, mhuri na namba ya chanjo visomeke. Akitokea ofisa asiyeijua kanuni mpya, mwombe kwa upole amwite msimamizi wa afya mpakani. Na ubebe barua ya daktari wako yenye mhuri, inayosema kwamba kwa sababu za kiafya hupaswi kupewa chanjo yenye virusi hai. Usikubali kuchomwa sindano mpakani ili safari iendelee.

Sababu ya kulikazia hili ni kwamba chanjo ya homa ya manjano ina virusi vyenyewe, vikiwa vimedhoofishwa. Kwa kijana mwenye afya, virusi hivyo huzaliana kidogo kwa siku chache, kinga inavitambua na kuvimaliza, na kumbukumbu inabaki. Lakini kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea anayechanjwa kwa mara ya kwanza, mara chache sana virusi huponyoka na kushambulia ini, figo na viungo vingine. Ni nadra, mtu mmoja au wawili hivi kwa kila dozi laki moja, ila anayepatwa yuko kwenye hatari kubwa ya kufa. Ongeza hapo methotreksati, dawa ambayo kazi yake kwako ni kuishusha kinga ili isiendelee kuvila viungo vyako. Kumwekea mtu huyo virusi hai kwa ajili ya karatasi ambayo tayari anayo ni kosa, hata likifanywa kwa nia njema.

Sasa nakuja kwa mama, kwa heshima zote. Anasema mwili umezoea, na kuna chembe ya ukweli ndani yake: mtu aliyekaa mahali miaka 20 amekutana na vijidudu vingi vya hapo na mwili umejifunza baadhi yao. Lakini yapo magonjwa ambayo mwili hauyazoei kamwe. Pepopunda ni mfano mzuri. Sumu yake ina nguvu kiasi kwamba kiwango kinachoweza kuua ni kidogo mno kuishtua kinga, hivyo hata mtu aliyeugua akapona anaweza kuugua tena. Influenza, yale mafua makali, nayo hubadilika sura kila mwaka, kwa hiyo uliyoizoea mwaka juzi siyo itakayokuja.

Na umri una hesabu yake. Kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, kuna tezi iitwayo thaimasi ambamo chembe changa za kinga hufundishwa kazi. Tezi hiyo huanza kusinyaa tangu ujanani, na kwa mtu wa umri wako imebaki mafuta zaidi kuliko kitu kingine. Kinga yako inakuwa kama sungusungu wa kijiji ambao wanawafahamu wezi wote wa zamani kwa sura, ila vijana wapya wa kuandikisha wamekwisha. Mwizi mgeni akiingia, hawashtuki upesi. Ndiyo maana wazee huhitaji chanjo zaidi, na ndiyo maana pia chanjo hiyo hiyo huwashika kidogo kuliko inavyomshika mjukuu. Watengenezaji wanalijua hilo: kwa wazee kuna chanjo ya influenza yenye dozi kubwa, na kuna chanjo zilizoongezewa kichocheo cha kuiamsha kinga. Kinga isiyo kamili bado ina thamani kubwa. Mzee aliyechanjwa akiugua, uwezekano wa kulazwa na kuwekewa oksijeni unapungua, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Jirani yako na kiharusi chake sitamdharau, maana nalisikia hilo kliniki mara kwa mara na najua linatoka wapi. Watu wa presha wanapata kiharusi, wamechomwa sindano au hawajachomwa. Akichomwa Jumatatu, akapooza Alhamisi, mtaa mzima utaikumbuka sindano na hakuna atakayeuliza kama alikuwa anameza dawa zake za presha. Hakuna kitu ndani ya chanjo ya pepopunda au ya nimonia kinachopasua mshipa wa ubongo. Hatari halisi iko upande wa pili. Utafiti uliofanywa Ontario, Kanada, na kuchapishwa 2018 uliwafuatilia watu waliothibitishwa kuwa na influenza, ukaona kwamba ndani ya siku saba za mwanzo hatari ya shambulio la moyo ilipanda takriban mara sita. Kwa hiyo presha ni sababu ya kwenda kuchanjwa. Kama siku hiyo presha yako iko juu sana, tutaishughulikia hiyo kwanza kwa ajili yake yenyewe. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie muuguzi atumie sindano nyembamba, kisha ubonyeze pamba dakika mbili bila kusugua.

Lile la dirishani linahitaji maelezo, kwa sababu aliyekujibu hakukudanganya ila alikujibu nusu. Chanjo unazoziona kwenye kliniki ya mama na mtoto ni za mpango wa taifa. Serikali, ikisaidiwa na wadau kama Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, huagiza kwa hesabu ya watoto wanaotarajiwa kuzaliwa, wajawazito, na wasichana wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Influenza ya kila mwaka, nimonia ya watu wazima na mkanda wa jeshi havimo kwenye hesabu hiyo. Ukiuliza "chanjo" bila kusema ipi, mhudumu anafikiria friji iliyo mbele yake, na friji hiyo kweli ni ya watoto. Chanjo za watu wazima huagizwa kwa njia nyingine na kulipiwa na mwenye kuzihitaji, mara nyingi kupitia hospitali kubwa au hospitali binafsi zenye kliniki za wasafiri.

Hapo nawe upate jibu la aibu yako. Influenza au mkanda wa jeshi utakayoilipia haijatoka kwenye mkono wa mtoto yeyote; isingeletwa kama usingeiagiza. Ya pepopunda ndiyo inayogusa friji moja na wajawazito, na hata hapo usijinyime. Huja kwenye chupa ya dozi kumi, na chupa ikishafunguliwa na kutunzwa vizuri inaweza kutumika hadi siku 28. Dozi moja kwa mkulima mwenye jeraha haimwachi mama mjamzito mikono mitupu. Umeishi hapa, umelima hapa, umeoa hapa. Ukilazwa kwa pepopunda utakaa kitanda cha chumba cha uangalizi maalumu kwa wiki kadhaa, na hicho ndicho kitu chenye uhaba wa kweli.

Mwanao ana haki ya kuogopa joto. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na Dodoma ya Oktoba na Novemba haina huruma. Ila friji ya chanjo siyo friji ya soda. Imetengenezwa ibaki na ubaridi kwa saa nyingi umeme ukikatika, na nyingine zinatumia jua moja kwa moja. Mlangoni pake kuna karatasi ambayo muuguzi huandika joto asubuhi na jioni. Una haki ya kuomba kuiona, na muuguzi mzuri atafurahi kuulizwa. Kwenye chupa nyingi za mpango wa taifa kuna pia alama ndogo: duara la zambarau, na ndani yake mraba mweupe. Kadiri chupa inavyopata joto mraba unazidi kukoza, na haurudi tena kuwa mweupe hata chupa ikirudishwa kwenye baridi. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, inatupwa. Kwa hiyo kila chupa inabeba ushahidi wake. Sindano zinazonunuliwa zikiwa zimejazwa tayari mara nyingi hazina alama hiyo, na kwa hizo utategemea uaminifu wa kituo, kwa hiyo chagua kinachotunza kumbukumbu.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa chanjo za pepopunda na homa ya ini aina ya B, kuganda barafu ni kubaya kuliko joto la saa chache. Zikiganda, kichocheo kilichomo hukatika na kujikusanya, na nguvu ya chanjo inapotea hata kama imeyeyuka ikaonekana ya kawaida. Kwa hiyo usinunue sindano duka la dawa ukaisafirisha hadi Hombolo kwenye mfuko wenye barafu ya mtaani. Na usimwombe mwanao akutumie kwenye begi la mgeni. Ichomwe pale pale ilipohifadhiwa.

Sasa, zipi? Ningeanza na pepopunda, wiki hii ikiwezekana. Vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo watoto wa kijiji kizima wakichanjwa haikusaidii wewe. Zabibu za Dodoma tunazivuna mara mbili kwa mwaka na kila msimu una kupogoa kwake. Wewe unajua vidole vinavyokuwa baada ya siku nzima na mkasi: mikwaruzo, vijiti vilivyokatika ndani ya ngozi, halafu jioni unashika samadi ya mbuzi. Kijeraha ambacho hukumbuki ulikipata wapi kinatosha. Fungua kitabu chako cha njano cha chanjo ulichokuja nacho. Kama hakuna dozi ndani ya miaka kumi iliyopita, moja inahitajika. Kama hakuna hakika kwamba uliwahi kukamilisha hata zile za mwanzo, utapewa tatu: leo, baada ya wiki nne, kisha baada ya miezi 6 hadi 12. Hii haina kijidudu hai, methotreksati haiizuii, na kwa hii pekee hakuna sababu ya kusubiri Ujerumani.

Inayofuata kwa uzito ni ya nimonia inayoletwa na bakteria aitwaye nyumokokasi. Dawa zako mbili na umri wako vinakuweka kwenye kundi ambalo bakteria huyo hulimaliza. Watoto wetu wanapata chanjo yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, lakini ile ya kliniki si kwa ajili yako. Kuna aina inayokinga dhidi ya vikundi 20 vya bakteria huyo, na dozi yake moja inatosha. Ikipatikana ile ya vikundi 13 tu, kwa mtu mwenye kinga iliyoshushwa hufuatiwa na nyingine ya vikundi 23, angalau wiki nane baadaye. Ulizia Dodoma kwanza. Ikikosekana, Dar es Salaam siku hizi ni safari ya asubuhi kwa treni ya SGR, na unaweza kumaliza na kurudi siku hiyo hiyo, ilimradi umepiga simu ukahakikishiwa ipo kabla ya kukata tiketi.

Influenza huchomwa kila mwaka. Muundo wake hupangwa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, na sisi tulio karibu na ikweta tunaweza kutumia wowote ulio mpya zaidi uliopo. Usihangaike sana kutafuta jina fulani. Hapa kuna jambo la kuzungumza na daktari wako wa viungo: wataalamu wa baridi yabisi hushauri kuacha methotreksati kwa wiki mbili baada ya sindano ya influenza, ikiwa ugonjwa umetulia, kwa sababu kinga inashika vizuri zaidi. Kwa chanjo nyingine zisizo hai unaendelea nayo kama kawaida. Tafadhali usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Viungo vikiwaka tena utapoteza zaidi. Na prednisoloni usiikate ghafla hata siku moja, kwa kuwa mwili ulioizoea unaweza kuzimia bila hiyo. Ukiwa hapo, uliza pia kuhusu UVIKO. Wazee wenye kinga iliyoshushwa bado ni kundi la kwanza kupewa dozi ya kuongeza nguvu.

Mkanda wa jeshi ndiyo nafasi ambayo wazo la mwanao linanikubalisha. Ugonjwa huu ni tetekuwanga ya utotoni iliyojificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu na kuamka kinga ikilegea. Hapa kwetu watu wengi wakiuona wanafikiria UKIMWI mara moja, na wazee wanauficha kwa aibu wakati tiba ina saa zake. Umri peke yake unatosha kuuleta, na methotreksati inauongezea. Chanjo iitwayo Shingrix haina virusi hai, hivyo kwako ni salama, na Ujerumani wanaipendekeza kwa kila mwenye miaka 60 na kuendelea. Kawaida dozi mbili hutenganishwa kwa miezi 2 hadi 6, na hilo lingekulazimu kwenda mara mbili. Lakini kwa mwenye kinga iliyoshushwa daktari anaweza kuzitenganisha kwa mwezi mmoja hadi miwili. Mwambie mwanao akupangie miadi ya kwanza siku chache tu baada ya kutua, na likizo yako ifike wiki sita; utarudi umemaliza. Hapa nyumbani usitegemee kuikuta kwenye rafu.

Kuhusu mbwa wako, mwite ofisa mifugo awachanje dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Wewe mwenyewe unaweza kuchanjwa kabla ya kung'atwa, na kwa anayeishi mbali na mji hilo si wazo baya, ila nisingeliweka mbele ya niliyotaja. Muhimu ni kujua cha kufanya ukiumwa na mbwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha uje hospitali siku hiyo hiyo. Na uwaambie kwa sauti kwamba unatumia dawa za kushusha kinga, kwa sababu mtu kama wewe hupewa ratiba yote pamoja na imunoglobulini, hata kama alishawahi kuchanjwa.

Nimezitaja nyingi, lakini mwili hauelemewi. Chanjo zisizo hai zinaweza kuchomwa siku moja, moja kila mkono. Nikipima hoja ya kusubiri likizo, naigawa hivi: pepopunda hapa na sasa, nimonia na influenza hapa au Dar kabla ya safari ya Kampala, zikikosekana kabisa ndipo ziende kwenye orodha ya Ujerumani, mkanda wa jeshi Ujerumani. Kuahirisha zote hadi mwakani ni kukaa na hatari za mwaka mzima kwa ajili ya hofu ya friji ambayo unaweza kuikagua kwa macho yako.

Siku ya kwenda hospitali, lengo la kwanza liwe kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani. Dodoma wapo, kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa hadi Benjamin Mkapa. Nenda na pasipoti, kibali cha ukaazi au kitambulisho chako cha NIDA cha mgeni mkazi, kitabu cha njano, na dawa zako zenyewe ndani ya maboksi yake, kwa sababu "kidonge cha njano cha Jumapili" hakitusaidii. Mapokezi watakufungulia faili na kukupa namba ya malipo. Uliza bei mapema, maana asiye raia huenda akawa na bei yake, na msamaha wa gharama ni wa wazee wa Kitanzania wasiojiweza. Lakini foleni ni jambo jingine. Ule ubao wa "Mpishe mzee apate huduma kwanza" unasoma umri, hausomi pasipoti, na una miaka 71. Nenda kwenye dirisha la wazee bila kuona haya. Kama una bima ya nje, ulizia kabla iwapo inarudisha gharama za kinga, kwa kuwa nyingi hulipa tiba tu, na uondoke na risiti yenye mhuri pamoja na jina na namba ya chanjo iliyoandikwa kitabuni.

Kama siku hiyo una homa au viungo vimewaka vibaya, ahirisha. Mafua madogo hayazuii. Ukishachomwa kaa pale dakika 15 hadi 30, hata kama unajisikia vizuri na mama anakuharakisha. Midomo au koo kuvimba, ngozi kutoka vipele ghafla, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu ni dharura, na hutokea mara nyingi ndani ya muda huo, ukiwa bado karibu na sindano ya adrenalini. Mkono kuuma, uchovu na joto kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Joto likipita siku tatu, au uvimbe ukizidi kuenea, rudi uonwe, na tukio liandikwe, maana taarifa hizo hupelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Yapo mambo ambayo hayatakiwi kunisubiri mimi wala mtu yeyote wa kuandikiwa. Kwa mtu anayetumia methotreksati, homa yenye kikohozi na pumzi fupi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Joto la mwili wako linaweza lisipande sana hata ukiwa mgonjwa kweli. Vipele vyenye maumivu ya kuungua, vilivyofuata mstari upande mmoja wa mwili, vinahitaji asikloviri ndani ya saa 72, na vikiwa karibu na jicho, usilale nyumbani. Taya kukaza au shingo kuwa ngumu baada ya jeraha, hata la siku kumi zilizopita, mwambie dereva asisimame njiani.

Na ukiambiwa tena dirishani kwamba chanjo ni za watoto, omba kuonana na muuguzi mfawidhi, umwambie hivi: "Ni mkulima, nina jeraha za mara kwa mara, natumia dawa za kushusha kinga, nahitaji ya pepopunda leo na kuonana na daktari kwa ajili ya nyingine." Ukiisema hivyo atajua akupeleke mlango gani.